Ubao wa Kete Ishirini na Nane

Benchi la dukani kwa Ercilia, pale ufukweni Cabarete, ni ubao mbovu wa mchezo wa tiara, ule wa kusimama juu ya ubao ukivutwa na tiara baharini, uliolazwa juu ya kreti mbili za soda, na wazee watatu wameukalia huu mwaka wa tisa wakiitazama bahari kana kwamba inawadai salamu. Asubuhi hiyo ilikuwa saa nne, upepo bado umelala, na Ercilia alikuwa amewamiminia kahawa ya kwanza. Mbele ya miguu yao, vumbini, zililala mbao mbili na jozi mbili za buti za kufungwa kwenye ubao. Mgeni mmoja aliyemaliza likizo ndiye aliyeviacha, na desturi ya ufukwe huo inajulikana: mwenye zamu anachagua ubao mmoja na jozi moja, kinachobaki ni cha anayefuata, na hakuna kurudi kubadilisha. Zamu ilikuwa ya Yudelka, binti wa Ercilia. Saa saba mchana angeshindana, na mshindi angepelekwa Brazil kwenye mashindano makubwa. Wenzake wote walikuwa wanaruka na buti. Yeye alizoea ubao wa kanda mbili, wa kuchomeka mguu na kuchomoa. Kosa lake asubuhi ile lilikuwa moja tu, kuja kuchagulia mbele ya benchi.

— Buti ni ya kubana, alianza Nahodha. Ukivaa ukasikia mpaka jino linauma, hiyo ndo saizi yako.

Huyu jina lake ni Crucito. Kofia ya unahodha aliishinda kwenye mchezo wa dhumna, na chombo pekee alichowahi kukiendesha maishani ni toroli la barafu.

— Hizi namba thelathini na tisa zinanibana kweli, alisema Yudelka, ambaye alikwishazivaa. Zile arobaini na moja kisigino kinacheza kidogo.

— Umeona sasa. Kisigino kikicheza kitakuchezesha na wewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu litavunjikaje na limebanwa? aliuliza Kijiko.

Kijiko ni yule mwembamba mwenye kijiko chake mwenyewe kwenye mfuko wa shati, kwa sababu hamwamini mtu kumkorogea sukari. Hakuwahi kulowa kupita magoti.

— Nyie hamjui mwili, aliingilia Dokta. Mguu ni kama samaki wa chumvi. Mkavu hivi unamwona mwembamba. Mloweke saa moja, anajaa sufuria.

Dokta huchemsha mizizi na kuitia kwenye ramu, anaiuza kwa magonjwa yote, hasa yale anayoumwa mwenyewe.

— Kwa hiyo avae kubwa? aliuliza Kijiko.

— Avae ndogo. Mguu ukivimba ndani, buti haichomoki hata aje fahali.

— Si ndo nilichosema mimi, alisema Nahodha.

— Wewe umesema kwa kubahatisha. Mimi nimesema kwa utaalamu.

Nyuma ya kaunta Ercilia alikuwa anasuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi. Hajui kuogelea, na tangu Yudelka aanze mchezo huu miaka sita iliyopita, kila tiara ikianguka majini yeye huhesabu mpaka aione imepaa tena. Hakuwahi kumwambia mtu. Watu wa dukani wangemcheka, mama wa bingwa anaogopa bahari. Basi hujikaza, hupika kahawa, na huwaachia wanaume waseme, maana angalau wao wanaitazama hiyo bahari kutwa.

— Tuache miguu, tuje kwenye ubao, alisema Nahodha. Leteni dhumna.

Ubao mmoja ulikuwa wa sentimita mia moja na arobaini, mwingine mia moja thelathini na mbili. Vipimo vimeandikwa juu yake, tena kwa tarakimu kubwa. Nahodha hakuvisoma. Alipiga magoti akaanza kupanga kete za dhumna juu ya ubao mrefu, moja nyuma ya nyingine, ulimi nje. Kete zote ishirini na nane zikaenea kutoka ncha hadi ncha, hakuna iliyozidi wala nafasi iliyobaki.

— Mnaona? Seti nzima. Huu ubao una hesabu zake.

Akahamia kwenye mfupi. Kete ya ishirini na saba ikaning'inia, na kete ya mwisho, sita-sita, ikabaki mkononi mwake.

— Ubao unaoiacha sita-sita nje, alisema, utamwacha na huyu mtoto nje. Akipanda huo hana Brazil.

— Mzee Nahodha, mimi ni mwepesi, alisema Yudelka. Na upepo wa saa saba leo watu wanasema ni mkali. Huo mrefu utanipeleka utakako wenyewe.

— Mwanangu, mchagua jembe si mkulima.

— Lakini si mmesema nichague?

— Tumesema uchague tulichosema.

Kijiko alikuwa ameshaingiwa na wazo, ilionekana kwa jinsi alivyokuwa anagonga kikombe.

— Shida si urefu, ni upana. Columbus alikuja hapa kwa nini? Vyombo vyake vilikuwa vipana, vikamteleza. Angekuwa na chombo chembamba angefika India kama alivyopanga, na sisi tusingekuwepo hapa kubishana. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali imeingiaje hapo? aliuliza Ercilia kutoka ndani.

— Imeingia kwa miguu yake, mama Yude. Na kahawa nyingine.

Akawamiminia. Chupa yake kubwa inakaa moto mpaka adhuhuri, nao wanalijua hilo.

— Mimi naona ni chakula, alisema Dokta. Ale ndizi za kuponda kwa idadi. Ndizi tatu, ubao mfupi. Nne, ubao mrefu. Zikizidi nne, uzito unashuka kwenye visigino, buti inabana yenyewe, huhitaji hata namba. Kuna Mjerumani nilimtibu hivyo.

— Akawaje? aliuliza Yudelka.

— Alirudi kwao.

Yudelka alicheka, lakini alikuwa bado amekaa na zile thelathini na tisa miguuni, ameshazifunga kwenye ubao mrefu, na Ercilia aliona kwamba ameanza kuzipenda. Zilikuwa nyekundu. Msichana wa Sosúa, mji jirani, anayempania kila mara anazo nyekundu pia.

Hapo ndipo ilipoingia pikipiki yenye vikapu viwili vya ndizi mbichi. Aliyeshuka hakuwa muuza ndizi wa kila siku bali mdogo wake, Eligio, mtu wa milimani ambaye hajashuka ufukweni zaidi ya mara mbili. Kaka yake alikuwa ameteguka mkono. Alisalimia benchi zima, akapewa kahawa, akabaki amesimama na kikombe akimwangalia Yudelka aliyefungwa miguu yote miwili kwenye ubao.

— Samahanini, alisema. Akianguka kule mbali, hivyo viatu anavivuaje?

— Anavuliwa, alijibu Nahodha. Akitoka anakaa mchangani, ananyoosha miguu, aliye karibu anamvuta. Wote wanafanya hivyo.

Na ni kweli. Katika ufukwe ule hakuna anayevua buti zake mwenyewe. Ni adabu ya pale, unamwona mtu amenyoosha miguu, unaweka chini ulichoshika unamvuta, naye kesho atakuvuta.

— Hapo ametoka, alisema Eligio. Mimi nauliza hajatoka. Tiara imelala majini, yuko peke yake, anataka kuogelea. Nani anamvuta?

Nahodha alimtazama Dokta. Dokta aliitazama sita-sita, kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Kijiko alikoroga kikombe kisicho na kitu.

— Huko kuna samaki, alisema Kijiko.

Ercilia alitoka nyuma ya kaunta. Alimsimamia binti yake.

— Vua.

— Mama, hapa ni nchi kavu...

— Lala chali, mkono mmoja. Ule mwingine si umeshika fimbo ya kuongozea tiara? Vua.

Yudelka akalala chali vumbini, akavuta ulimi wa buti. Haikutoka. Akajikunja, akavuta kisigino, ubao ukageuka naye ukambwaga ubavuni. Alijaribu tena, sasa kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na uso wake haukuwa na mchezo tena. Ercilia alisimama akihesabu kimoyomoyo. Alipofika arobaini alimwambia Nahodha ashike mguu. Nahodha akavuta, Kijiko akamvuta Nahodha, na mguu haukutoka mpaka Dokta alipomimina mafuta ya kupikia, ya Ercilia, karibu nusu chupa.

— Si nilisema haichomoki, alinong'ona Dokta.

Ercilia alimnyang'anya chupa ya mafuta. Aliona aibu, tena aibu yake mwenyewe, kwamba kwa miaka sita alikuwa na swali lile lile tumboni na akawaachia hawa.

— Jaribu zile nyingine, alisema.

Yudelka alijifuta mafuta, akazivaa zile namba arobaini na moja juu ya soksi nene, akakaza kamba, akalala chali. Mkono mmoja. Alivuta mara moja, akavuta mara ya pili, mguu ukatoka. Akarudia wa kushoto, ukatoka. Halafu alinyanyuka, akaufunga ubao mfupi kwenye zile buti bila kuuliza mtu, kete za dhumna zikamwagika vumbini.

— Mama, nakwenda. Upepo unaanza.

— Nenda. Nitakuja.

Ercilia hajawahi kushuka kumtazama akishindana. Yudelka aliitikia kwa kichwa, akashuka na ubao wake begani.

Kijiko alinyoosha kikombe.

— Mama Yude, basi tuongezee.

— Kahawa imeisha.

Kijiko aliinua chupa akaitikisa. Ilisikika mpaka barabarani.

— Mbona hii hapa?

— Imeisha, alisema Ercilia, akaichukua chupa mkononi mwake. Alimwendea Eligio, akamjazia kikombe mpaka ukingoni.

— Wewe unaijua sana bahari?

— Siijui, mama. Naiogopa. Ndiyo maana nikauliza.

— Hata mimi naiogopa, alisema Ercilia, kwa sauti ya kusikika benchi zima, akavua aproni akaiweka juu ya kaunta. Kunywa, unisindikize.