Finjani ya Mwenza: Kumuaga Bwana Gharib bin Athman

Tarehe 30 Novemba mwaka huu wa 1957, Bwana Gharib bin Athman atafunga mlango wa karakana ya skuli yetu na kukabidhi ufunguo, baada ya kufundisha ufundi hapa Amu kwa miaka ishirini na mmoja. Sisi wa darasa la wasichana tumepewa heshima ya kuandika habari zake, na tunamshukuru Mwalimu Mkuu kwa kutuamini.

Bwana Gharib alizaliwa Chundwa. Ujanani alifanya kazi Mombasa, akajifunza kujenga madaraja na kuendesha mashine za kunyanyulia mizigo bandarini. Aliporudi alikabidhiwa wavulana wachache, misumeno yenye meno mabovu na chumba kinachovuja. Husema paa lile ndilo lililokuwa somo la kwanza: waliliziba wenyewe. Leo wanafunzi wake wametawanyika pwani nzima, na ngazi za mawe wanazopandia abiria kule Shela ni kazi ya mikono yao.

Kila mwaka wanaoanza hupewa kazi moja. Hugawanywa vikundi, na kila kikundi hutengeneza winchi ya boriti, kamba na kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, ili kuinua jiwe la kujengea kutoka uani hadi dirisha la ghorofani. Hapo mwanzo mambo yalikwenda ovyo. Mwenye nguvu alivuta, mwenye maneno aliamrisha, waliobaki walitazama. Wakikwama waliona haya kumwuliza mwalimu, wakanong'onezana wao kwa wao.

Bwana Gharib hakuwakemea. Alikwenda darasa la juu, akachagua vijana waliokwisha kuinua jiwe lao mwaka uliopita, akakipa kila kikundi mmoja. Akawaita wenza. Mwenza huuliza, hueleza, na huhakikisha kwamba kila mtu ameshika kamba, lakini yeye mwenyewe haruhusiwi kugusa kitu. "Mikono nyuma, mato mbee!" ndiyo amri yake, yaani macho yatazame mbele, na hata watoto wasiosoma huiimba barabarani.

Amri hiyo ilimshinda mwenza mmoja, Jeilani, ambaye sasa ni fundi wa injini. Kila mara mikono ilimtoroka, ikaenda kukaza mafundo ya wenziwe. Siku moja Bwana Gharib akamshikisha finjani mbili za kahawa, kila mkono na yake, zimejaa pomoni.

"Haya, Jeilani, sasa sema. Ukimwaga, kanzu waifua mwenyewe."

Jeilani alisema siku ile kuliko alivyosema mwaka mzima, na kikundi chake kikawa cha kwanza kumaliza. Tangu hapo kila mwenza hushika finjani. Wapita njia hutania, "Skuli gani hii? Wakubwa wanywa kahawa, wadogo wafanya kazi!" Hawajui kwamba hainywewi.

Mwaka huu Bwana Gharib aliomba wasichana nao wafundishwe. Wazee wetu walikubali kwa muhula mmoja tu. Jiwe lisipopanda Siku ya Wazazi, tungerudi kwenye kushona peke yake. Hapakuwa na msichana aliyewahi kujifunza kazi hiyo, wala haikufaa kijana wa kiume aje uani kwetu. Kwa hiyo Bwana Gharib akawa mwenza wetu yeye mwenyewe, na finjani yake akaishika kama wengine.

Siku ilipofika, baba zetu walikaa uani. Mama zetu walikuwa ghorofani pamoja na Bi Hadia, mwalimu wetu wa kushona, aliyengoja dirishani kulipokea jiwe. Tulivuta vizuri mpaka katikati ya ukuta, jiwe likakwama.

Bwana Kamaludin, baba yake mwenzetu Saadiya, alisimama. "Gharib, wasaidie! Huoni watoto waaibika?"

"Weka kahawa tini, bwana!" Bi Hadia aliita kutoka juu, akimtaka aiache finjani asaidie.

Bwana Gharib hakusogea. "Saadiya mwanangu," aliuliza kwa upole, "kamba yapita wapi?"

Saadiya alitazama juu, akaona kamba imeruka nje ya kapi. Tulilishusha jiwe polepole, tukailaza boriti, tukairudisha kamba mahali pake, tukaanza upya. Safari hii jiwe lilipanda hadi dirishani, Bi Hadia akalivutia ndani, na vigelegele vikajaa nyumba nzima.

Ndipo tulipoiona kanzu ya Bwana Gharib. Kahawa ilikuwa imemwagika mbele yote hadi miguuni. Nasi muda wote ule tulidhani ametulia.

Bwana Kamaludin naye aliiona. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Hiyo waifua mwenyewe, Gharib," alisema. "Na wasichana waendelee."

Kwa hiyo Januari wadogo zetu wanaingia darasani. Mwalimu mpya bado hatujamjua, lakini wenza wapo: Saadiya na sisi wenziwe. Finjani zetu tumekwisha kuziosha.

Bwana Gharib, ahsante kwa kutusubiri tuone wenyewe. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, umri mrefu na raha nyumbani kwako pamoja na mkeo, Bi Mwanamkisi. Kwa ajili yetu umeacha kahawa nyingi ipoe mkononi. Sasa kaa kitako, uinywe ingali moto.

Umulkheir Abdulqadir,
kwa niaba ya darasa la wasichana