Hotuba ya Kumuaga Sa Godfri

Alasiri moja ya mwaka 2003, Mahfoudh alikaa kwenye benchi la nje ya mkahawa waliouzoea yeye na wenziwe mtaa wa Ghubra, Uarabuni, kikombe cha kahawa mkononi na karatasi tupu mapajani. Miaka sita alikuwa dereva wa Sa Godfri, Mwingereza aliyekaa mtaa wa Qurum, na kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, palikuwa na chakula cha kumuaga akirudi kwao. Mzee yule alimuomba yeye, si mkurugenzi wa kampuni, asimame awaeleze wageni maisha ya bosi wake. Hakujua aanzie wapi. Ikabidi awaeleze wenziwe wawili waliokaa naye: Sleiman, aliyebandikwa jina la Redio, na Harub, waliyemwita Hakimu kwa kuwa aliwahi kuwa karani wa mahakama.

— Anza na nasaba, alisema Redio. Huyo ni baroneti.

— Ndo nini? aliuliza Hakimu.

— Cheo cha “Sa” cha kurithi, yakhe. Baba akifa, mtoto anaamka Sa, hata mswaki hajapiga!

— Na ubunge aliokuwa nao kwao, nao karithi?

— Ubunge kapigiwa kura, alisema Mahfoudh. Halafu mwaka tisini na saba wapiga kura wakamtoa, ndo akaja huku kuwa mshauri wa kampuni.

— Wakamtoa kwa nini? aliuliza Redio.

— Hajanambia.

— Mie nnajua, alisema Hakimu. Alimkatalia waziri uso kwa uso, bunge zima likatetemeka. Andika!

Mahfoudh akaandika.

— Kumkatalia tu? alisema Redio. Alimvua spika wigi! Akalivaa yeye!

— Wallahi? aliuliza Mahfoudh.

— Andika, bwana we. Kisha akajificha jikoni mwa bunge siku tatu, wapishi wanamlisha keki.

— Siku nne, alisema Hakimu. Na kwao lilipita jeshi kumtafuta.

Karatasi ilikuwa imeshajaa pande zote mbili alipotokea Theodora, mpishi wa Sa Godfri, mtu wa Bukoba, kaja kununua mkate. Mahfoudh akamsomea yote, sauti imempanda. Theodora alisikiliza mpaka mwisho.

— Mzee Mahfoudh, hayo uliyaona?

— La, mwanangu.

— Sasa wewe mwenyewe ulimwona akifanya nini?

Mahfoudh akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaenda zake nyumbani.

Kesho yake, kwenye chakula, Mahfoudh alisimama mbele ya wageni. Karatasi hakuitoa mfukoni.

— Mwaka juzi mama yangu alifariki kijijini kwetu Hail, alisema. Habari zilinikuta kazini, nikakimbilia gari. Sa Godfri alininyang'anya ufunguo, akaniweka kiti cha nyuma, akaendesha mwenyewe. Alipotea mara tatu. Kila akipotea anashuka, anauliza njia ya makaburini kwa Kiarabu chake, na watu wanamuelekeza sokoni.

Wageni wakacheka. Mahfoudh akaendelea.

— Tulifika jeneza liko mabegani. Nikawahi kulishika. Yeye alisimama juani, kofia mkononi, mpaka tukamaliza kuzika. Hayo ndiyo maisha yake ninayoyajua mie.

Sa Godfri akainuka kujibu. Badala yake akaizunguka meza nzima kwenda kumkumbatia dereva wake, na mkurugenzi, aliyekuwa katikati, ikambidi asogeze kiti.