Foleni ya Mama Birika Yachezwa kwa Vizibo

Asubuhi, kabla maduka yote hayajafunguliwa, benchi lililo ubavuni mwa jiko la Mama Birika huwa limeshajaa. Anakaa Profesa, ambaye hajafundisha shule yoyote ila hubishana na gazeti huku akilisoma. Anakaa Breki, fundi pikipiki ambaye grisi haimtoki mikononi hata sikukuu. Katikati yao hujibana Chumvi, fundi cherehani, na jina lake linajieleza kila akifungua mdomo. Upande wa pili wa jiko husimama foleni ya watu wanaowahi kazini, na siku hizi wengi huangalia saa, wakasonya, wakaondoka bila kunywa. Jambo hilo lilimnyima Mama Birika raha. Dada yake aliyeko stendi alikuwa amemtafutia nafasi ya kuuzia kahawa huko, na leo ndiyo siku ya kumjibu. Hakutaka kuhama hata kidogo. Aliwapenda hawa wapiga domo wake, ingawa kuwaambia hivyo, ng'o.

— Usihame kwa kubahatisha, Profesa alimwambia, huku akipanga vizibo vya soda juu ya benchi. — Binti yangu kazini kwao wanafanya hivi. Biashara unaiiga kwanza kwenye kompyuta, foleni na kila kitu, ndipo uiguse ile ya kweli.

— Kompyuta yenyewe iko wapi? Breki akauliza.

— Si hii hapa! Kizibo ni mteja, kiberiti ni jiko. Mama, niongezee kidogo.

Mama Birika akaiacha foleni, akammiminia, akarudi. Profesa akavisukuma vizibo kimoja kimoja hadi kwenye kiberiti, akihesabu kimoyomoyo, kisha akainua kichwa kama hakimu.

— Wastani wa kusubiri ni mdogo tu. Salamu hujazimaliza, kahawa hii hapa.

— Wastani! Breki akadakia. — Mmoja kanywa papo hapo, mwingine kasimama mpaka miguu imekufa ganzi, we unawachanganya unasema wote mambo shwari? Huyo wa ganzi ndiye anayetukimbia. Na akikimbia kabla hajahudumiwa, umemhesabu?

Profesa akajikuna kidevu. Hakuwa amemhesabu. Vizibo vilivyoanguka chini ya benchi alikuwa ameviacha hukohuko, na wastani wake ukawa mzuri.

— Jibu ninalo mimi, Chumvi akasema. — Anayesubiri kuliko wote ni nani? Wa mwisho. Basi tumwondoe wa mwisho!

— Akiondoka, aliyekuwa mbele yake si ndiye anakuwa wa mwisho? Breki akauliza.

— Naye aondoke.

— Halafu?

— Halafu foleni imekwisha, bwana!

— Na mimi nitamuuzia nani? Mama Birika akafoka, lakini kicheko kilikuwa kimeshamponyoka.

— Kwanza ongeza hapa, Chumvi akasema, akinyoosha kikombe. Koo limenikauka kwa kuitetea biashara yako.

Akamwongezea. Nyuma yake mtu akasonya, akaenda zake. Moyo ukamuuma.

— Basi tuseme anunue jiko la pili, Profesa akajaribu.

— Thubutu! Chumvi akaruka. — Jiko la pili, foleni ya pili. Foleni mbili zikikaa karibu karibu zinazaana! Watu wakiona mstari wanajipanga tu. Juzi jamaa kasimama hapa mpaka kafika mbele, akaomba pasipoti.

— Acha uongo wako, Breki akasema. — Akapewa?

— Kapewa kahawa, kaondoka ameridhika.

Benchi zima likaangua kicheko. Breki akafuta machozi kwa mkono wa grisi, akajichora usoni, akainua kikombe.

— Mama, na mimi.

Mama Birika akanyanyua birika. Mbele kabisa ya foleni alisimama muuguzi mwenye sare, mgeni pale mtaani, aliyekuwa amefuatilia kila neno tangu mwanzo. Akainama kuelekea benchi, kwa adabu zote.

— Samahani, kaka zangu. Naomba kuuliza tu. Na nyie hapo ni vizibo vipi?

Profesa akavitazama vizibo vyake. Akavitazama tena. Mkono wa Breki ukabaki hewani na kikombe chake. Chumvi akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo.

Mama Birika alisimama palepale. Kila asubuhi aliitwa na benchi, na kila alipoitwa alikwenda, akidhani huo ni ukarimu tu; kumbe ndio uliokuwa ukiichelewesha foleni. Hakukasirika. Alisikia mwili wote umekuwa mwepesi. Kahawa ya Breki akaimimina kwenye kikombe cha muuguzi, kisha akamhudumia aliyefuata, na aliyefuata tena, bila kugeuka, na watu wakaanza kusogea. Benchini hakuna aliyethubutu kumwita. Stendi angekwenda, ndiyo, lakini kumsalimia dada yake tu.