Mama Boniface Anarudi kwa Mwanawe

Wapendwa mliofika hapa Gaithersburg kutusindikizia mama yetu, tunaomba utulivu tuwasomee safari ya maisha yake.

Marehemu Elieth Mwakyusa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, Katumba, wilayani Rungwe, akasoma shule ya msingi hapohapo, kisha Chuo cha Ualimu Mpwapwa alikohitimu mwaka 1979, akafundisha Historia mjini Tukuyu hadi mwaka 1996, alipohamia Maryland na mumewe, Mzee Ferdinand Mwaipopo, aliyefunga naye ndoa tarehe 6 Agosti 1983.

Hapa alianza kama mwalimu msaidizi, baadaye akapewa darasa lake, na wanafunzi wake hawajasahau somo la wafungwa wa Uingereza waliosafirishwa kwa meli hadi Australia, wengine kwa kuiba kipande cha kitambaa tu. Aliwaeleza taratibu kwamba kabla ya Australia wafungwa kama hao waliletwa hapahapa Maryland, halafu akawaomba wawafikirie akina mama waliobaki gatini, kwa kuwa wengi wao hawakuwaona tena watoto wao.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Boniface mwaka 1985 na Violet mwaka 1990. Boniface alifungwa kwa wizi, akamaliza kifungo, na tarehe 3 Mei 2017 akarudishwa Tanzania bila ruhusa ya kuingia tena nchini humu. Tangu hapo sisi jamaa tukaanza kumwita marehemu Mama Violet, tukidhani tunamsitiri, naye hakuitika, na ukirudia alikuuliza kwa upole unamtafuta nani. Mzee Ferdinand alipofariki mwaka 2019, historia yake tuliisoma bila jina la Boniface, mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia mdogo wake Gwakisa kwamba mtoto hazikwi akiwa hai.

Figo zake zilikuwa zimeanza kushindwa mwaka 2018, akawa anasafishwa damu kila wiki, safari ndefu ikamshinda, asimwone tena mwanawe ila kwenye simu. Novemba iliyopita alipozidiwa aliomba asizikwe Rockville alikolala mumewe, wazee wakakataa, maana kwetu mke hulala kando ya mumewe, akawajibu kwamba Mzee anaye Violet wa kumpelekea maua, lakini Boniface hawezi kuja kumzika mama yake, basi mama apelekwe kwake. Alifariki tarehe 9 Januari 2025 tukiwa bado tunabishana, na aliyetunyamazisha ni Violet, aliyesema kwamba atakayebaki mbali na kaburi ni yeye, naye ameridhia.

Kesho jeneza linaondoka, na Boniface atalipokea Mbeya, aweke udongo wa kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na jirani zetu Gratien na Anysie waliompeleka kliniki hata siku za theluji.

Pumzika kwa amani, Mama Boniface.