Bi Macho na Uzi wa Kijani

Ndugu, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza Shangazi, familia imempa binti wa kaka yake kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu, naye anaomba mapema mumvumilie, kwa sababu ndiye aliyeyaandika, na kuna mahali imembidi aandike jambo ambalo angependa lisomwe na mtu mwingine.

Kuzaliwa na utoto

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1948, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba seremala na mama wa nyumbani, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, na alijifunza kutambaa juu ya maranda. Mwezi Februari 1955 mama yake alilazwa hospitali kwa ugonjwa wa kifua, na kwa kuwa watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini, Shangazi, ambaye alikuwa na miaka sita, alikuwa akipelekwa kusimama uani na kulipungia mkono dirisha la tatu kutoka mlangoni, bila kuwa na hakika kama ndilo lenyewe. Huko kitandani mama yake aliomba foronya iliyochakaa, akaikata, akashona mwanasesere, akamjaza pamba na kumpa macho ya vifungo, kimoja kikubwa cheusi cha koti na kimoja kidogo cha kahawia cha shati, kwa sababu havikupatikana viwili vinavyofanana, na mgongoni ukabaki muhuri mwekundu wa hospitali. Tarehe 17 Aprili muuguzi mmoja aliteremka naye hadi uani, akamkabidhi mtoto na kumwambia, "Mama anasema huyu akae na wewe mpaka atakapotoka." Mama hakutoka, alifariki tarehe 2 Mei, na yule mwanasesere, ambaye kwa macho yale alionekana siku zote kama anamkonyeza mtu, akaitwa Bi Macho, akakaa na Shangazi miaka sitini na minne.

Elimu na kazi

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1956 hadi Novemba 1962, na katika ripoti ya darasa la nne mwalimu wake aliandika kwamba ni mtoto mwenye bidii lakini hana rafiki, maneno ambayo Shangazi aliyapinga mpaka uzeeni, akisema mwalimu hakuuliza vizuri. Baada ya miaka miwili ya mafunzo ya ushonaji, tarehe 1 Machi 1966 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali ileile alikofia mama yake, chumba chenye cherehani sita, madirisha ya juu na harufu ya pasi, ambako mashuka, foronya na magauni ya wagonjwa yaliletwa yakiwa yamechanika na kurudishwa wodini yakiwa mazima. Humo kila fundi alikuwa na rangi yake ya uzi, ili kiraka kikifumuka msimamizi ajue amrudishie nani, na Shangazi alipewa kijani, nasi tunaambiwa kwamba kwa miaka thelathini na saba hakurudishiwa hata shuka moja.

Wiki yake ya kwanza kazini roho ilimsuta, akaenda mwenyewe kwa msimamizi kukiri kwamba nyumbani ana mali ya hospitali yenye muhuri, na msimamizi alipoelezwa ni mali gani alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Kaa naye tu, mwanangu, huyo si foronya tena." Tangu siku hiyo Bi Macho alishonwa kwa uzi wa kijani kila alipofumuka, kwapani, shingoni, nyayoni, hata uzi ukawa mwingi kuliko kitambaa. Shangazi alistaafu tarehe 30 Juni 2003, lakini mikono ilikataa kukaa bure, hivyo aliendelea kuletewa nyumbani furushi la nguo mbovu kila Jumatatu na kulirudisha Alhamisi, bila kudai chochote.

Ndoa

Tarehe 12 Septemba 1970 alifunga ndoa na dereva wa lori, mtu mrefu na mcheshi, ambaye siku ya tatu alifungua sanduku la bibi harusi kutafuta taulo, akakutana na Bi Macho, akasema, "Kumbe nimeoa wawili, mbona sikuambiwa mapema?" na kila aliporudi safari akawa anamsalimia yule kwanza, kisha mke wake, mzaha ambao Shangazi aliusimulia mara nyingi kuliko jambo lolote lingine la ndoa ile. Hawakujaliwa watoto. Safari zilizidi kuwa ndefu, salamu zikapungua, na tarehe 4 Novemba 1981 mume alichukua nguo zake na kwenda kuanza maisha mahali pengine, na Shangazi hakumsema vibaya wala hakuolewa tena.

Tangu hapo aliishi peke yake katika chumba kimoja chenye kitanda, kabati, cherehani na viti viwili, na akawa na desturi ya kupiga hodi anapoingia kwake mwenyewe, kuvua viatu, na kumweleza Bi Macho, aliyekaa kwenye kiti cha pili, habari zote za kazini. Binti wa kaka yake, aliyekuwa akija kulala kwake wakati wa likizo, aliyasikia mazungumzo hayo, na mwaka 1987, akiwa na miaka minane, aliwasimulia wenzake shuleni ili wacheke, wakacheka, na kwa miezi kadhaa watoto walimwita Shangazi barabarani Mama Mwanasesere. Shangazi alikivuta kile kiti nyuma ya pazia, na hakuuliza nani aliyesema, ingawa aliyejua alikuwa mmoja tu. Mwaka huohuo alimshonea binti huyo sare mbili za shule, mifuko yote kwa uzi wa kijani.

Ugonjwa na kifo

Kaka yake alitangulia mwaka 2008, na miaka iliyofuata Shangazi alisumbuliwa na moyo na kuvimba miguu, hadi tarehe 29 Julai mwaka huu wa 2019 alipolazwa, katika hospitali aliyoifanyia kazi. Tarehe 1 Agosti alimwambia binti wa kaka yake, "Niletee Bi Macho, yuko kwenye kiti." Binti aliitikia, kisha akatazama vitanda vya jirani vilivyojaa wageni, akafikiria mwanamke wa miaka sabini na moja akikumbatia mwanasesere mbele za watu, akaona aibu, na siku hiyo hakumleta, wala siku ya pili, wala ya tatu, na kila siku alisema kesho.

Tarehe 5 Agosti alikwenda na majirani wawili kukisafisha chumba, ili mgonjwa akirudi akute pasafi, na kwenye kiti nyuma ya pazia hakumwona Bi Macho, aliona foronya kuukuu iliyokunjwa, yenye muhuri mwekundu wa hospitali, akaitia katika furushi la mashuka lililokuwa likisubiri, akafunga fundo mwenyewe, na mfanyakazi wa hospitali alipopita akalichukua. Hakujua kwamba Shangazi, siku chache kabla ya kuzidiwa, alikuwa amemfumua Bi Macho mgongoni na kumtoa pamba ili amfue, na kwamba bila pamba yake, uso ukiwa umekunjwa kwa ndani, alikuwa amerudi kuwa foronya.

Alipoulizwa tena, binti alitafuta chumba kizima asimpate, akenda dukani na kununua mwanasesere mpya mwenye nywele ndefu, akampeleka wodini akidhani mzee aliyechoka hatatofautisha. Shangazi alimshika, akamgeuza, akatazama mgongo, akasema, "Asante mwanangu, huyu ni mzuri, ila simjui," na siku iliyofuata akampa mtoto aliyekuja kumwona bibi yake kitanda cha pili. Hakuomba tena. Siku zilizobaki aliwaambia wauguzi wamgeuzie uso kwenye dirisha la uani, na binti aliyekuwa ameketi pembeni hakuweza kumwambia ukweli, kwamba Bi Macho amepotea wakati chumba kikiwa mikononi mwake. Alifariki tarehe 21 Agosti, saa kumi jioni, na furushi lilikuwa kwenye rafu ya chumba cha ushonaji, jengo la nyuma ya wodi, mwendo wa dakika mbili.

Shukrani

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliokuwa wakimfulia na kumpikia, na marafiki ambao hatukujua kwamba alikuwa nao. Kwa namna ya pekee tunawashukuru mafundi wa chumba cha ushonaji, ambao juzi, waliposikia msiba, walilifungua furushi lile ili wamalizie kazi ya mwenzao, wakakuta kitambaa kilichojaa uzi wa kijani na vifungo viwili visivyofanana, wakamjua. Walimfua, wakamnyoosha kwa pasi, wakamjaza pamba mpya, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kutumia rangi ya kijani, kila fundi alimshona mgongoni kwa rangi yake, nyekundu, njano, buluu na nyeupe, wakamleta nyumbani jana wakiwa wamemfunga katika shuka safi.

Shangazi, aliyekusimulia kwa wenzake shuleni ili wacheke ndiye anayesoma hapa, na ndiye aliyesema kesho, na anakuomba radhi mbele ya watu wote hawa. Bi Macho yuko kwapani kwako, upande wa kushoto, ametazama juu, na leo hakuna aliyeona aibu kumweka. Mama yako alisema akae na wewe mpaka yeye atakapotoka, sasa mpelekee. Pumzika kwa amani.