Siku Daktari Aliporudisha Kisu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, madaktari bingwa, wauguzi wenzangu, familia ya daktari wetu anayestaafu, nanyi mliowahi kulala kwenye meza yetu ya upasuaji mkaamka: nawasalimu kwa heshima.

Nimempa daktari huyu visu kwa miaka kumi na tisa. Wepesi wa mikono yake kila mtu anaujua. Mimi nitasimulia siku aliponirudishia kisu.

Mnaikumbuka kalamu ya mwanga? Ukiigusisha kwenye ubongo, inamulika. Mwanga unarudi umebadilika kidogo, na kwa badiliko hilo mashine inatambua kama pale pana uvimbe au pazima. Daktari alimwambia binti mwanafizikia aliyeileta, "Mwanangu, kazi hii niliianza hujazaliwa. Tochi yako itanifundisha nini?" Tulicheka. Binti hakucheka.

Kisha akaja mama mmoja, mtangazaji wa redio, mwenye uvimbe jirani kabisa na mahali maneno yanapokaa. Saa ya tatu ya upasuaji kilibaki kipande cha kijivu, kama punje ya mchele. Kwa macho yetu sote, ulikuwa ugonjwa. Daktari akanyoosha mkono, nikampa kisu.

"Daktari, naomba niguse kwanza," binti akasema.

Akagusa mara tatu. Mara zote tatu mashine ikajibu: pazima.

Ndugu zangu, mngefanya nini? Uzoefu wa miaka thelathini unasema kata. Kifaa cha juzi kinasema acha. Daktari akanirudishia kisu.

"Nikikosea kwa kuacha, nitamfungua tena," akasema. "Nikikosea kwa kukata, maneno yake hayarudi."

Kesho yake mama akafumbua macho. "Mbona mmeninyamazia kama maiti? Nipeni maji!" Mumewe akalia kwa sauti.

Daktari alitoka. Nilimkuta ameegemea ukuta wa korido. "Dada, kifaa hiki kingekuwepo siku ya yule mwalimu..." Hakumaliza.

Ameniruhusu niwamalizie. Mwalimu yule alipona uvimbe, lakini kisu kilipitiliza kikakata pazima, na hajatamka neno tangu siku hiyo. Daktari hakulificha kosa lake. Kila mwaka amewasimulia madaktari wapya kwa kinywa chake mwenyewe. Ni wangapi kati yetu tungethubutu?

Na kila Jumapili huenda kwa mwalimu, wakacheza drafti kimyakimya. Nimemuuliza kama kustaafu kutabadilisha hilo. Akanijibu, "Dada, safari hii nitakaa mpaka jioni."

Daktari, tunakushukuru. Nanyi nyote, asanteni kwa kunitegea sikio.