Mama Vibao, Aliyeuliza Nani Anabaki na Mtoto

Ndugu, majirani na marafiki, tunamshukuru Mungu aliyetuachia dada yetu kwa miaka sitini na mmoja, ingawa mioyo yetu ilitaka zaidi.

Dada alizaliwa tarehe 3 Mei 1963, kifungua mimba wa fundi cherehani na mchuuzi wa mboga. Baba alishona kwenye kibaraza cha duka la watu. Mama alitoka na tenga lake kabla ya jua. Mimi ninayewasomea, mdogo wake wa kike, nilizaliwa mwaka 1969. Kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kubaki nami, nilikulia mgongoni kwake. Wenzake wakipita na madaftari, yeye alikuwa mlangoni akinibembeleza.

Alianza darasa la kwanza Januari 1972, akikaribia miaka tisa. Wanafunzi wenzake, waliomfikia begani, walimwita Shangazi, naye aliitika. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1978, sekondari mwaka 1982 na chuo cha ualimu mwaka 1984. Baadaye, akiwa mama wa watoto wawili, alijiunga na chuo kikuu. Watu walipomuuliza baba bintiye anatafuta nini tena, alijibu, "Mwacheni, hiyo ni njaa ya zamani."

Alifundisha chekechea kuanzia Januari 1985. Mwaka 2006 aliingia kwenye utafiti wa kupima kama chekechea zilizokuwa zikifunguliwa mitaa ya pembezoni zinawasaidia kweli watoto na familia zao. Alipita nyumba kwa nyumba, kwenye mitaa iliyopata chekechea na ile iliyokosa, akiwa na mfuko wa vibao vya rangi. Mtoto alivipanga, akahesabu, akasimulia picha. Kisha mzazi akaulizwa maswali. Dada hakufungua mfuko mpaka mtoto mwenyewe amkabidhi kitu, hata kama ni kokoto. Alisema mtoto anayekuogopa unampima woga, si akili. Mitaani wakamwita Mama Vibao.

Mwaka huohuo ulizuka uvumi kwamba watoto watakaoshindwa hawatapokelewa chekechea. Mama mmoja, dobi, akamleta mtoto wake "wa miaka minne". Mtoto akapanga vibao vyote bila kusita, akahesabu mpaka akaambiwa inatosha. Alipocheka, dada akaona pengo mbele, na kando yake jino la ukubwani limeanza kuota.

"Mama, huyu ana miaka minne?"

"Alianguka, dada."

"Akaanguka, na meno ya ukubwani yakaota papo hapo?"

Dobi akajifunika uso kwa shati la mteja, akacheka. "Basi nisamehe. Mwenyewe kalala ndani. Huyu ni dada yake, ana miaka saba."

"Na wewe uko darasa la ngapi?" dada akamuuliza yule binti.

"Sisomi. Namlea mdogo."

"Ndiyo maana nimekudanganya," dobi akasema. "Mdogo akipata nafasi, na huyu ataenda shule."

Siku hiyo dada alipitia kwangu kabla ya kwenda kwake. Alikaa jikoni bila kuvua viatu. "Leo nimekutana na mimi mwenyewe," akaniambia. "Nina pengo."

Tangu hapo utafiti ukaongezewa swali lake: nani anabaki na mtoto, na huyo anayebaki anakosa nini? Miaka ilipopita, matokeo hayakuwa yote ya kupigiwa vigelegele. Kufika darasa la tatu, watoto waliokosa chekechea walikuwa wamewafikia wenzao kwa kuhesabu. Baadhi ya watafiti wenzake walitaka hilo lisemwe kwa sauti ya chini. Dada akasema, "Tumepima, basi tuseme." Lakini katika nyumba zilizopata chekechea, dada wakubwa walikuwa wamerudi madarasani na wakabaki huko. Binti wa dobi alikuwa mmoja wao. Dada alimkuta mwaka uliofuata amevaa sare. Mwaka wa tatu alikuta kufuli la wapangaji wengine mlangoni. Walikuwa wamehama. Kila aliporudi mtaa ule aliwaulizia, na hakuna aliyejua walikoelekea.

Alifunga ndoa kanisani tarehe 10 Desemba 1988 na fundi umeme, shemeji yetu mpenzi, wakajaliwa wana wawili. Dada akisafiri kikazi, shemeji ndiye aliyepika na kuogesha. Wenzake wakimtania, aliwajibu, "Nani anabaki na mtoto? Mimi hapa. Niandikeni."

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023. Ziara ya mwisho ya utafiti, watoto wale wakiwa watu wazima, ilipangwa Agosti 2024. Aliomba ruhusa. "Mama, na mashine ya kusafisha damu je?" daktari akauliza. "Niazimeni," akasema. Hakwenda. Mfuko wa vibao ulikaa kando ya kitanda, na kila jioni, akishatuombea sisi, alimwombea yule binti. Nilimuuliza, "Dada, majibu si mmeshapata?" Akasema, "Ya wote, ndiyo. Mimi nataka kumwona mmoja. Akicheka."

Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 17 Septemba 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Ameacha mume, wana wawili, mkwe, mjukuu wa kike wa miaka mitatu, na mimi mdogo wake. Mahali fulani yupo pia binti wa dobi, sasa mwanamke wa miaka ishirini na mitano. Tunamhesabu miongoni mwa wafiwa, ingawa huenda hajui. Anayemfahamu amwambie kwamba aliuliziwa mpaka mwisho.

Ee Mungu, dada alianza kubeba wenzake kabla hajakua. Sasa mbebe Wewe, naye apumzike.